Sauti ya Tommy Brown na binti tuliyemsahau

Gari limesimama gizani, juu mlimani. Ndani wamekaa wanaume wawili: mpelelezi mwenye koti la mvua lililokunjamana, na mwimbaji wa nyimbo za injili ambaye muda mfupi uliopita amekutwa akiutoa mafichoni ushahidi wa mauaji aliyoyafanya. Redio inawashwa, na wimbo unaosikika ni wa mwimbaji huyohuyo. Anamuuliza mpelelezi kama haogopi kukaa huku porini peke yake na muuaji. Mpelelezi anamjibu kwamba mtu anayeimba hivyo hawezi kuwa mbaya mwili mzima.

Ndivyo kinavyokwisha "Swan Song", kisa cha Columbo, mfululizo wa upelelezi wa televisheni ya NBC ya Marekani, kilichorushwa tarehe 3 Machi 1974. Zaidi ya miaka 50 imepita, na jibu lile bado linawagawa watazamaji. Wapo wanaokitaja miongoni mwa visa vitamu kuliko vyote alivyoviigiza Peter Falk. Wapo wanaosema hapo ndipo Luteni Columbo, mpelelezi huyo anayeigizwa na Falk, aliposema neno baya kuliko yote aliyowahi kusema. Mimi nimekaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti, na bado sijaweza kukiacha.

Kwa asiyekiona, mambo yenyewe ni haya. Tommy Brown ni mfungwa wa zamani aliyegeuka nyota wa injili. Mkewe, Edna, ndiye aliyemwinua, na kila senti inayoingia anaielekeza kwenye ujenzi wa jengo kubwa la ibada. Tommy anaimba, umati unalia, fedha zinamiminika, naye mfukoni hana kitu. Akitaka mgawo wake, Edna anamkumbusha siri moja: Maryann, binti aliyemo katika kundi la waitikiaji, Tommy alimwingilia akiwa na miaka 16. Jambo hilo likifika polisi, Tommy anarudi gerezani. Basi usiku mmoja, baada ya onyesho Bakersfield, anawapandisha Edna na Maryann kwenye ndege yake ndogo kwenda Los Angeles, anawapa kahawa ya chupa iliyotiwa dawa za usingizi, wanalala, naye anaruka kwa parachuti aliyoishona mwenyewe. Ndege inajibamiza mlimani. Yeye anavunjika mguu na kuwaambia watu kwamba alirushwa nje ilipoanguka.

Ninayasema haya yote bila kuharibu utamu, kwa sababu katika Columbo muuaji huonyeshwa tangu mwanzo. Richard Levinson na William Link waliuunda mfululizo huo kwa namna hiyo: swali si nani aliyeua, bali atanaswa vipi. Kwa hiyo kila kitu kinamwegemea anayeigiza muuaji. Tutakaa naye saa nzima na zaidi, tutamwona akidanganya, na bila kujua tutaanza kumwombea apone au kumtakia mabaya. Na hapa aliyepewa nafasi hiyo ni Johnny Cash, mwimbaji maarufu wa muziki wa country wa Marekani.

Wanaokipenda kisa hiki wanaanzia hapo, na sioni namna ya kuwabishia. Cash alizaliwa Arkansas mwaka 1932, mtoto wa wakulima wa pamba. Alitumikia jeshi la anga. Mwaka 1965 alikamatwa El Paso akiwa na vidonge vingi, na kwa miaka kadhaa dawa zilikaribia kummaliza. Mwaka 1968 aliwaimbia wafungwa wa gereza la Folsom, mwaka uliofuata wale wa San Quentin, na kufikia 1974 Wamarekani walimjua kama mtu aliyeanguka na kuinuka na Biblia mkononi. Sasa mtu huyo anasimama mbele ya kamera, gitaa kifuani, anaimba wimbo wa Hank Williams kuhusu kuiona nuru, halafu anaambiwa aigize mfungwa wa zamani anayeimba injili. Umbali kati ya mwigizaji na mhusika ni mdogo mno, na unauona mwilini mwake: mabega mazito, macho yasiyotulia akibanwa, tabasamu la mtu aliyezoea kuomba radhi.

Kuna jingine. Wauaji wengi wa Columbo ni matajiri wasomi, wanaotazama koti lake na gari lake bovu wakadhani ni mjinga. Tommy hana dharau hiyo. Anamkaribisha, anamcheka kwa upole, na Columbo naye anaonekana kweli kuufurahia muziki wake. Ukiwatazama pamoja unapata shida kukumbuka kwamba mmoja anamfuatilia mwenzake. Joto hilo ni nadra katika mfululizo ule, na wanaolipenda wanapenda kitu halisi.

Upande wa pili una malalamiko ya aina mbili. La kwanza ni la ufundi, na nitalipita haraka. Kisa ni kirefu, kama dakika 98, na kuna mahali kinajikokota. Wimbo uleule unarudi mpaka unachosha. Na mtu kuruka usiku kutoka kwenye ndege ndogo kwa parachuti ya kushona mwenyewe, kisha kutambaa na mguu uliovunjika kuificha, ni jambo gumu kumeza. Nakubali yote. Lakini marudio ya wimbo yana kazi yake. Mara ya kwanza tunausikia kama watu wa ibada, bila kujua lolote. Mara ya mwisho tunausikia mle garini, tukijua kila kitu, na sauti haijabadilika hata kidogo.

Lalamiko la pili ndilo lililonifanya nikirudie kisa hiki kwa jicho jingine. Linamhusu Maryann.

Hebu hesabu waliokufa ndani ya ndege ile. Ni wawili. Edna tunamjua: amegombana, amehubiri, amehesabu fedha, ametutia hasira. Ndugu yake, Luke, ndiye anayekataa kuamini kuwa ilikuwa ajali na kuwashikilia polisi wachunguze. Maryann tunamjua kwa nini? Kwamba anaimba nyuma. Kwamba alitendewa kitu akiwa mtoto na mtu mzima aliyekuwa na jina na jukwaa. Kisha anakunywa kahawa, analala, basi. Aliyemdhulumu akiwa na miaka 16 ndiye anayemuua, na habari inaendelea kana kwamba Tommy alimuua mkewe na kulikuwa pia na mtu mwingine ndegeni.

Watetezi husema huo ulikuwa mwaka 1974, watu hawakuyaona mambo hayo kama tunavyoyaona leo. Hoja hii ningeikubali kama isingekataliwa na kisa chenyewe. Siri ya Edna ina makali kwa sababu moja tu: waandishi walijua, na watazamaji wao walijua, kwamba jambo lile ni kosa la kumpeleka mtu jela. Bila hilo Tommy asingetishika na hakungekuwa na mauaji. Walilijua vizuri kiasi cha kulifanya ufunguo wa hadithi nzima. Kisha binti mwenyewe wakamwacha bila sentensi za maana.

Na Edna je? Ida Lupino, aliyemwigiza, alikuwa mmoja wa wanawake wachache mno walioongoza filamu Hollywood katika miaka ya 1950, na uso wake unafanya kazi kubwa kuliko maneno aliyopewa. Watazamaji wengi wanamchukia Edna, na wameandaliwa wamchukie: ni mkali, ni bahili, anatumia jina la Mungu kumfunga mume kamba. Lakini tazama vizuri. Hajinunulii jumba. Anataka jengo la ibada, na anaamini kwa moyo wote kwamba amemtoa mtu jela ili roho nyingine ziokolewe kwa koo lake. Kosa lake kubwa kwangu si ubahili. Ni kwamba anaijua dhuluma aliyotendewa Maryann, na haitumii kumkinga binti. Anaitumia kumbana mume. Binti anabaki kundini, anapanda jukwaa lilelile na mtu yuleyule, jioni baada ya jioni, kwa sababu kuwepo kwake ndiyo kufuli ya Edna. Wote wawili walimtumia. Mmoja tu ndiye tuliyefundishwa kumkasirikia.

Ili kuona kwamba mfululizo huu ungeweza kufanya vinginevyo, kiweke kando ya kisa kingine cha muziki, "Étude in Black", cha Septemba 1972. Mwelekezi ni yuleyule, Nicholas Colasanto. Muuaji ni Alex Benedict, mwongoza okestra, anayeigizwa na John Cassavetes. Anamuua mpiga piano Jenifer Welles, mpenzi wake wa siri aliyemtaka amwache mke, kisha anaifungulia gesi ya jiko ili ionekane kajiua. Jenifer naye anakufa mapema. Lakini kwake kuna ndege aliyemfuga, kasuku mweupe wa kishungi, aliyekufa kwa gesi hiyohiyo, na Columbo hatulii: mwanamke mchanga, mzuri, mwenye kipaji, hata kama angetaka kufa, angemuua na ndege wake? Kwa swali hilo moja Jenifer anakuwa mtu. Alikuwa na nyumba, alikuwa na kiumbe alichokipenda. Mwishoni Benedict anaponzwa na ua alilolidondosha chini ya piano, na mkewe mwenyewe anakataa kumdanganyia. Sijawahi kukutana na mtazamaji anayesema Benedict hakuwa mbaya mwili mzima, ingawa naye alikuwa mwanamuziki hodari. Kipaji hakikumkinga, kwa sababu aliyeuawa aliachiwa sura.

Katika "Swan Song" kinachopata nafasi ya yule kasuku ni gitaa. Gitaa la Tommy halikuwemo ndani ya ndege, na hilo ni moja ya mambo yanayomkereketa Columbo: mwanamuziki wa namna ile kutenganishwa na gitaa lake usiku ule tu, usiku wa ajali. Jibu tunalo sisi. Aliliokoa. Alikaa akapanga, akafikiria nini kiungue na nini kibaki, na katika hesabu hiyo kipande cha mbao kikapona, Maryann akaungua. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilisimamisha picha nikatoka nje kidogo.

Nina sababu zangu za kuguswa. Nilipokuwa mdogo, kwaya ya kanisani kwetu ilikuwa na mwimbaji kiongozi ambaye akianza ubeti wa kwanza, wazee walivua miwani kufuta macho. Siku moja aliondoka na fedha za mfuko wa wajane, na hakurudi. Kaseti ya kwaya ilibaki nyumbani, yenye sauti yake. Mama aliendelea kuipiga kila Jumapili asubuhi akiwasha jiko. Alisema wimbo ule ulimvusha msiba wa mwanawe, na hakuna mwizi atakayemnyang'anya. Shangazi, aliyekuwa mmoja wa wale wajane, alikuwa akisikia kinanda kinaanza, anachukua kanga yake anakwenda kukaa uwanjani mpaka upande uishe. Hawakugombana kamwe kwa hilo. Mama hakumwambia asamehe, na shangazi hakumwambia azime.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia wanaokipenda kisa hiki kwamba wamedanganywa. Sauti ya Cash inafanya kilekile alichokifanya yule wetu, na machozi ni ya kweli. Hata lile jibu la mwisho, ukilisikiliza kwa utulivu, si msamaha. Columbo hasemi Tommy ni mwema, wala hamwachii. Anamteremsha mlimani kwenda kushtakiwa. Na kabla ya hapo amemwambia kwamba anaamini angekuja kukiri mwenyewe, siku moja, hata asingenaswa. Haya ni maneno ya mpelelezi anayeona dhamiri pale ambapo wengine wanaona mbinu tu, na Falk anayatamka kwa upole bila kuyapaka sukari.

Lakini ni maneno yanayosemwa na mtu wa upande wa mama, katika chumba ambacho shangazi hayumo. Hakuna yeyote katika dakika zile zote anayetoka na kanga yake kwa ajili ya Maryann. Luke analia kwa dada yake. Binti hana mama anayefika kuuliza, hana rafiki kundini anayekosa usingizi, hana kitanda kilichobaki hakijatandikwa. Ingetosha onyesho la dakika mbili: mwitikiaji mwenzake akimwonyesha luteni viatu vyake vya jukwaani, na luteni akakosa la kusema. Baada ya hapo, jibu lile garini lingeweza kubaki neno kwa neno, na lingekuwa na uzito mara kumi, kwa sababu tungelisikia huku tukijua limegharimu nini.

Mara ya mwisho nilipokirudia nilianza na onyesho la kwanza, Tommy anapoimba jukwaani. Kamera inampenda Cash na haitaki kumwacha. Nilijilazimisha kuyatoa macho kwake, nikawatafuta waitikiaji kila walipoonekana, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanaimba vizuri.