Ukiniachia ofisi, niachie na sahihi

Sina ugomvi na kubaki ofisini wakati wa sikukuu. Ugomvi wangu ni kuachwa mikono mitupu. Wenzangu wakianza kufunga kompyuta kwenda likizo, huwa wananipongeza: "Una bahati wewe, ofisi itakuwa kimya, utafanya kazi zako bila bughudha." Pongezi hizo nazipokea, maana nusu yake ni kweli.

Utulivu una faida yake. Gloria Mark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyofanya kazi maofisini. Moja ya matokeo yake yanayojulikana sana ni kwamba mtu akikatizwa kazi, humchukua kwa wastani dakika 23 hivi kuirudia ile aliyokuwa ameishika. Hebu piga hesabu ya siku ya kawaida: simu, vikao, na yule jirani mwenye "swali dogo tu" ambalo halijawahi kuwa dogo. Wiki ya sikukuu hayo yote hukatika. Ripoti iliyonishinda Novemba nzima naweza kuimaliza kabla ya mchana.

Kuna na zile kazi ambazo hakuna bosi anayeziulizia lakini zinakera. Mimi hupenda kusafisha mafaili. Unafungua folda moja ya mikataba unakuta "mkataba mpya", "mkataba mpya mwisho", "mkataba mwisho kabisa" na "mkataba huu ndio tumia", na wa kweli ni ule wa pili. Kazi ya namna hiyo haiwezekani Machi saa nne asubuhi. Inataka kiyoyozi kinachovuma peke yake na mtu asiye na haraka. (Wanaosema paka akiondoka panya hutawala hawajawahi kumwona panya anayepanga mafaili.)

Lakini tazama kazi hizo zinafanana wapi: zote naanza mwenyewe na kumaliza mwenyewe. Na kazi za ofisini za aina hiyo ni chache. Nyingi zinataka mkono wa pili: idhini ya meneja, sahihi ya mhasibu, nywila aliyonayo mtu mmoja wa kompyuta. Mteja anapiga simu, shida yake ni ya mistari miwili tu ya barua pepe. Namwandikia meneja, linarudi jibu la otomatiki: yuko likizo, kwa jambo la haraka wasiliana na naibu wake. Namwandikia naibu, nalo linarudi papo hapo: yuko likizo, kwa jambo la haraka wasiliana na meneja. Mashine mbili zinarushiana mtu, na mteja bado yuko kwenye simu anasikiliza ninavyohema.

Hapo ndipo utulivu unapogeuka kuwa hatari, na wezi wameligundua hilo kabla ya mabosi. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma New York, kwenye benki iliyokuwa ikiitunzia fedha zake, maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni 1. Siku waliichagua vizuri. Walianza Alhamisi usiku, wakati Bangladesh mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Dhaka walipoanza kushtuka, New York nako ilikuwa mwisho wa wiki. Jumatatu iliyofuata, Ufilipino, ilikoelekezwa sehemu kubwa ya fedha hizo, walikuwa na mapumziko ya Mwaka Mpya wa Kichina. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Manila. Kinachonikaa kichwani zaidi ni printa. Ile iliyokuwa ikitoa nakala za miamala ilikutwa haifanyi kazi Ijumaa asubuhi, na waliokuwepo wakaiona ni hitilafu ya kawaida. Nani asingeona hivyo? Ofisi ikiwa nusu tupu, printa ikigoma unasema wenyewe wakirudi wataitengeneza.

Kwa hiyo ninachodai ni kukaimishwa kwa maandishi, siyo kupigwa bega mlangoni na mtu ambaye begi lake tayari liko mgongoni. Barua iseme naweza kuidhinisha malipo mpaka kiasi gani, naweza kumwahidi nini mteja aliyekasirika, na ni nani mmoja, siyo watatu, atakayepokea simu hata akiwa safarini. Zaidi ya yote iseme nina ruhusa ya kusimamisha jambo. Mabosi wengi wako radhi kukukabidhi funguo za kabati lakini siyo mamlaka ya kusema "hii isiende mpaka Januari", na hayo ndiyo mamlaka ambayo mtu wa zamu anayahitaji kuliko mengine. Kuchelewesha malipo halali kwa siku tatu kunaudhi, ila kunarekebishika. Kuyaacha yaende kwa tapeli ni habari nyingine.

Kuna pia suala la nani anabaki. Mara nyingi ni mgeni wa kazi, au yule ambaye hajaoa au hajaolewa, kwa hoja kwamba "wewe huna watoto". Hoja hii inanichosha. Asiye na mtoto ana mama, ana ndugu, na kama hana wote hao ana mwili unaochoka. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, unaweka likizo isiyopungua wiki tatu za kazi kwa mwaka, na unataka mwajiri ashauriane na wafanyakazi kabla ya kupanga tarehe. Watoto haukuwahesabu. Zamu za sikukuu zipangwe mapema kwa kuzunguka: aliyeshika mwaka jana awe wa kwanza kuchagua mwaka huu, awe na familia ya watu kumi au awe peke yake. Na siku za fidia za anayebaki ziandikwe kwenye kalenda kabla hajaanza zamu, kwa tarehe, siyo kwa ile ahadi ya "tutaangalia tukirudi".