Bomba la mvuke halizeeki kwa kalenda

Kituo cha umeme cha makaa au gesi kikishafikisha umri fulani, mabishano yaleyale huanza: mabomba makuu yanayotoa mvuke kwenye boila na kuufikisha kwenye turbaini yang'olewe, au yaachwe yaendelee na kazi? Wanaotaka yang'olewe wana namba yao tayari. Mabomba mengi ya zamani yalisanifiwa kwa saa 100,000, yaani kama miaka 11 na nusu ya kazi bila kuzimwa. Mhandisi anayetetea bomba lililovuka saa hizo huonekana anabana bajeti huku akichezea roho za watu. Mara nyingi anaonewa.

Tuanze na namba yenyewe. Mvuke ukiwa na nyuzi 540 za Selsiasi, chuma hakingoji kuzidiwa nguvu ndipo kiharibike. Hutambaa: hutanuka kidogo kidogo chini ya mkazo uleule, na vitundu visivyoonekana kwa macho huzaliwa kwenye mipaka ya chembe zake. Kwa kulijua hilo, kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, haziruhusu mkazo uzidi asilimia 67 ya wastani wa ule ambao ungekipasua chuma hicho baada ya saa 100,000. Kwa hiyo saa hizo ni kipimo cha kusanifia, kilichowekewa akiba ndani yake. Hakuna aliyesema bomba litapasuka saa ya 100,001.

Lakini akiba hiyo inaliwa na joto, na hapa ndipo wapiga kelele wa kalenda wanaponishangaza. Tangu 1952 wahandisi wanatumia hesabu ya Larson na Miller, inayounganisha joto na muda wa chuma kuvumilia. Chukua bomba ambalo kwa nyuzi 540 lingedumu saa 100,000. Liendeshe kwa 550, mkazo ukiwa uleule, na umri unashuka hadi kama 50,000. Nyuzi 10 tu, nusu ya maisha imekwenda.

Sasa fikiria boila inayotoa mvuke kwa mabomba mawili, kushoto na kulia, na moto ndani ya tanuri hauko sawa pande zote. La kushoto linapitisha nyuzi 545, la kulia 535. Wastani ni 540, na ripoti ya mwezi haina doa. Kwa hesabu ileile, la kulia lingefika saa 143,000 hivi, la kushoto lisivuke sana 70,000. Mabomba yamefungwa siku moja, chuma cha aina moja, na moja limezeeka mara mbili ya mwenzake. Kalenda itayang'oa yote mawili siku moja: moja kwa kuchelewa, jingine bure.

Saa pia hazihesabu uchovu wa kuwashwa na kuzimwa. Bomba likitoka kwenye baridi hadi nyuzi 540, kila mita yake hurefuka kama milimita 7. Ukuta wake ni mnene, hivyo ndani hupata moto kabla ya nje, na tofauti hiyo huuvuta chuma huku na huku. Maji yaliyotokana na mvuke kupoa yakirukia ukuta wenye moto, mambo huwa mabaya zaidi. Vituo vingi siku hizi huzimwa mchana jua linapozalisha umeme wa kutosha, kisha huwashwa jioni. Mita ya saa inakwenda polepole, nyufa zinakwenda mbio.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Juni 1985, katika kituo cha Mohave huko Nevada, Marekani, bomba linalorudisha mvuke kwenye turbaini baada ya kupashwa moto upya lilipasuka na kuua watu sita. Lilikuwa limekunjwa kutoka kwenye bamba na kuchomelewa kwa urefu, na ufa ulifuata mshono. Mwaka uliofuata bomba la aina hiyo lilipasuka katika kituo cha Monroe, Michigan.

Ukaguzi uliozoeleka ni kusugua uso wa bomba hadi ung'ae, kuupaka asidi, kubandika kipande laini cha plastiki kichukue sura yake, kisha kutafuta vitundu kwa hadubini. Kipande hicho huona uso tu. Uharibifu wa mshono wa urefu mara nyingi huanzia katikati ya unene. Hata kile chuma cha kisasa chenye asilimia 9 ya kromiamu, P91, kinapochomelewa hubaki na ukanda mwembamba dhaifu kando ya mshono, na vitundu vyake huweza kujaa ndani huku uso ukiwa safi. Anayesema "tumekagua, hakuna kitu" anastahili kuulizwa amekagua kwa chombo gani.

Hoja hiyo naikubali. Ila kituo cha Mohave kilianza kazi 1971. Bomba lile halikuwa kikongwe, na kulingoja lizeeke ndipo libadilishwe kusingemwokoa yeyote. Bomba jipya nalo huja na mishono mipya. P91 baada ya kuchomelewa hupashwa tena kwa nyuzi 760 hivi, na fundi akipitiliza au akipunguza, umenunua tatizo jipya kwa bei ya bomba zima.

Kwa hiyo mabomba yenye mshono wa urefu kwenye joto hili yachunguzwe unene wote kwa mawimbi ya sauti, na yasipochunguzika yatoke, hata yakiwa na saa 60,000. Yasiyo na mshono huo yaamuliwe moja moja: joto halisi la kila bomba kwa miaka yote, idadi ya kuwashwa, kipenyo kilichopimwa tena na tena mahali palepale, na springi za vishikizo vinavyobeba bomba, kwa sababu moja ikikwama uzito wa bomba huhamia kwenye mshono wa karibu. Meneja asiye na kumbukumbu hizo asiyatumie maneno yangu kutetea bajeti yake. Huyo na ang'oe.