Kufuli ni langu, nikilifungua bila ufunguo kosa liko wapi?

Juzi shemeji yangu kaja nyumbani, kaingia chumba cha nyuma kutafuta chaja, akakuta meza imejaa makufuli, mengine nimeyapasua tumbo, pini zao za ndani zimejaa kwenye kisosi kama punje za mtama. Akasimama kidogo afu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Shem, hii kazi umeanza lini?"

Nikamwambia ni hobi. Akaitikia "aah, sawa," ile sawa ya mtu anayejua atakachoenda kusimulia nyumbani.

Sasa mi nataka niliseme hili mara moja maana nimechoka kujieleza kwenye kila msiba na kila harusi. Nakusanya makufuli na vitasa, vya zamani na vile vya kisasa vya ulinzi mkali, na nikishakipata kitu najifunza kukifungua bila ufunguo. Wengine wanakusanya stempu na hakuna anayewauliza kama wanaiba barua.

Mzigo mwingi naupata kwa wauza vyuma chakavu, Gerezani na kwengineko, ambako kufuli lenye umri wa babu yangu linapimwa kwenye mzani pamoja na vipande vya nondo na rimu za baiskeli. Bei ya kilo. Ufunguo huwa haupo na hilo ndo zuri kwangu, kazi inabaki yangu. Kanuni yangu ya kwanza sokoni ni sumaku, natembea nayo mfukoni, maana kufuli linaweza kung'aa kama shaba kumbe ni chuma kimepakwa rangi tu, sumaku ikinasa jua si shaba hiyo. Kanuni ya pili nawaomba wauzaji kwa magoti, jamani acheni kusugua vitu kwa ndimu na majivu! Mnadhani mnaongeza bei, kumbe mnafuta namba na maandishi yaliyochongwa kwa mkono, na ndo hayo tu ningeyalipia.

Ninalolipenda kuliko yote ni moja la shaba la Kihindi, limepatikana Unguja. Ufunguo wake una nyuzi kama za skrubu, hauuzungushi nusu duara ukamaliza, unauzungusha na kuuzungusha unaingia ndani taratibu unasukuma springi mpaka upinde unaachia. India wana mji unaitwa Aligarh, mpaka leo unajulikana kwa makufuli, na mengi ya aina hii huko kwao yapo. Kinachonishangaza ni kwamba ukienda Mji Mkongwe kila mgeni anapiga picha nakshi za mlango na ile miiba ya shaba, mnyororo na kufuli hakuna anayeviangalia. Mlango umepambwa, sawa, lakini kilichokuwa kinafanya kazi usiku ni ule mnyororo.

Upande wa ulinzi mkali nina machache maana bei zake zinauma. Ninalojivunia ni Abloy kutoka Finland, binamu yangu kaniletea. Ndani hakuna pini wala springi, kuna diski zimepangwa kama sahani, kila moja ina mkato wake, ufunguo ukizungusha zote kwa vipimo sahihi ile mikato inajipanga mstari mmoja na kibao kinadondokea humo, ndo kufuli linafunguka. Wazo lenyewe ni la mwaka 1907, la fundi mmoja anaitwa Emil Henriksson. Nchi ya barafu lakini limenoga hapa pwani, maana kinachoua makufuli yetu kwanza ni springi kuliwa na hewa ya chumvi, na hili halina springi za kuliwa. Nina miezi saba nalo. Halijafunguka.

Haya turudi kwenye wizi. Watu wanasema ukishajua kufungua unafundisha wezi. Hoja hiyo ni ya zamani kuliko bibi zetu na ilishajibiwa London. Joseph Bramah, fundi wa vitasa, alisajili kitasa chake mwaka 1784, na kuanzia 1790 dirishani kwa duka lake pale Piccadilly kukawekwa kufuli na tangazo kwamba atakayelifungua atapewa gini 200, zile sarafu za zamani za Waingereza. Likakaa hapo miaka 61, Bramah mwenyewe kafa, linang'aa tu dirishani. Mwaka 1851 kwenye yale Maonyesho Makuu ya bidhaa pale London akaja fundi wa vitasa Mmarekani anaitwa Alfred Charles Hobbs. Akaanza na kitasa cha kampuni ya Chubb, kile chenye mtego, ukikichokoa vibaya leva moja (kibao cha ndani kinachonyanyuliwa na ufunguo) inanyanyuka kupita kiasi na kunasa, mwenye nyumba akija na ufunguo wake anajua kuna mtu alikuja. Hobbs kakifungua kwa dakika kama 25. Na ule mtego ndo uliomsaidia, ulikuwa unamwambia wapi kazidisha! Afu akaenda kwa lile la Bramah, saa kama 51 za kazi, zimetawanyika siku 16, likafunguka. Gini 200 wakampa huku wananuna.

Waingereza walikasirika kama watu walioibiwa. Magazeti yakauliza kwa nini mtu aonyeshe hadharani jinsi ya kufungua vitasa vya watu. Jibu la Hobbs lilikuwa kwamba wezi hawamsubiri yeye, wao wanaijua kazi yao tayari, asiyejua ni mwenye nyumba peke yake. Na mimi nipo hapohapo alipokuwa Hobbs. Ukificha udhaifu wa kufuli mwizi hapotezi kitu, anayefaidika ni muuzaji na anayelala bila taarifa ni wewe.

Mwaka jana nilinunua kufuli dukani mtaani kwetu, zito, la dhahabu dhahabu hivi, kwenye boksi wameandika ulinzi wa hali ya juu. Kwa kawaida kufuli la pini ni hivi, kila pini imekatwa vipande viwili na springi inaisukuma chini, meno ya ufunguo yanazinyanyua zote mpaka mikato ikae sawasawa na ukingo wa silinda ndo izunguke. Pini zikitofautiana urefu kazi inakuwa ngumu. Hili langu nililifungua kabla chai haijapoa, na nilipolipasua nikakuta nafasi ya pini tano, zimewekwa tatu, na zote urefu ni uleule. Uzito wote ule ni chuma tu cha nje. Nikamrudia muuzaji na vipande mkononi, nikamwonyesha kwa heshima kabisa, akaniambia nisimharibie biashara. Sasa hapo mwizi nani?

Sisi wa hobi hii tuna miiko, na duniani kote wanaocheza mchezo huu wanaifuata. Hufungui kisicho chako bila ruhusa ya mwenyewe, na hugusi kufuli ambalo liko kazini, maana linaweza kuharibika na mtu akalala nje. Ndo maana wiki mbili zilizopita saa tano usiku nilivyogongewa na mama wa nyumba ya tatu, huyohuyo aliyewaambia wenzake kwenye kikoba kuwa waangalie milango yao, nilisita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nimepoteza ufunguo, njoo unifungulie, si unajua wewe."

Nikamweleza mwiko wangu. Akaniangalia kama nimemkatalia maji ya kunywa. Nikampigia mchonga funguo wa pale stendi, akaja na bodaboda, akalipiga msumeno likakatika, akachukua elfu kumi na tano yake akaondoka. Mama kaingia ndani bila kuniaga.

Asubuhi nimekuta kufuli lililokatwa limewekwa kwenye kibaraza changu, kwenye mfuko wa nailoni. Nimelipasua jana. Pini tatu, urefu uleule.