Saratani ya utumbo mpana inaporuka ini: je, tupige picha mwili mzima?

Saratani ya utumbo mpana ina njia yake iliyozoeleka. Damu itokayo kwenye utumbo hupitia ini kwanza, kisha mapafu, ndiyo maana mgonjwa mpya hupigwa CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, ya kifua, tumbo na nyonga. Wapo wachache ambao ugonjwa huwatokea kusikotarajiwa: kwenye mfupa, ubongo, msuli, hata chini ya ngozi. Mtu anaumwa kichwa wiki tatu, anaambiwa CT yake ni safi. Kweli ni safi, ila haikufika kichwani.

Wanaotaka kila mgonjwa apigwe PET-CT, picha ya mwili mzima, wanaanzia hapo. Unachomwa sindano ya sukari yenye mionzi, seli za saratani zinaila kwa pupa, na zilipo panawaka pichani. Anayeandaliwa kukatwa kipande cha ini angependa kujua mapema kama kuna uvimbe mwingine pajani, kwani upasuaji huo usingemponya.

Wagonjwa wa namna hiyo, wanaosubiri kuondolewa uvimbe wa ini, walichunguzwa huko Canada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la kitabibu la JAMA. PET-CT ilibadilisha mpango wa upasuaji kwa asilimia 8 hivi, na waliopimwa hawakuishi zaidi ya wasiopimwa. Wanane katika mia si wa kupuuzwa, lakini ni wachache kuliko tulivyoaminishwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi: kifua kikuu. Tezi yenye kifua kikuu nayo hula sukari ile ile na kuwaka vile vile. Ripoti inasema "inashukiwa kuwa saratani", mgonjwa anahesabiwa yuko hatua ya nne, yaani saratani imeshasambaa mbali, upasuaji ambao ungemwokoa unafutwa, kumbe alihitaji vidonge vya miezi sita. Kuna na kinyume chake: saratani yenye ute mwingi huwaka kidogo mno. Ubongo nao hula sukari muda wote, kwa hiyo uvimbe mdogo hujificha humo, na MRI, picha ya sumaku, ndiyo huufichua.

Halafu kuna umbali. Mionzi ya sukari hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110, haiwekwi stoo. Nairobi huduma ipo. Wa Kigoma ahesabu nauli, malazi na bili.

Mimi ningeanza na malalamiko ya mgonjwa. Mfupa unamuuma hata usiku amelala? Upigwe picha huo mfupa. Kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo saratani hii huimwaga damuni, kinapanda na CT haionyeshi kitu? Hapo PET-CT inastahili safari. Na kinachowaka mahali pa ajabu kikatwe kipande kidogo cha kupimwa kabla mpango wa tiba haujaguswa, hata kama majibu ya maabara yatakawia wiki mbili.