Hii Ina Antena Nane, Bosi

Jamani, ni nani aliyewafundisha wauza ruta kwamba ubora wa ruta unapimwa kwa idadi ya antena? Nataka jina lake tu. Sitamfanya kitu.

Maana siku hizi mtu mzima na heshima zake, mwenye kompyuta mbili za mezani, laptopu, printa na ukoo mzima wa simu nyumbani, hawezi kuingia duka la vifaa pale Kariakoo akauliza ruta bila kuletewa kwanza lile dude jeusi la antena nane. Na halitolewi hivihivi. Linatolewa kwenye boksi kwa mikono miwili, linawekwa juu ya kioo cha kaunta, kisha antena zinanyooshwa moja baada ya nyingine, zote nane, huku wewe umesimama na mfuko wako wa nyanya. Kijana akimaliza anarudi nyuma hatua moja ili ulione vizuri.

"Hii ina antena nane, bosi."

Unamuuliza: matundu yake ya nyuma ni ya gigabiti?

"Bosi, nane. Hii inapiga mpaka kwa jirani wa tatu."

Kwa jirani wa tatu napeleka nini? Wa kwanza peke yake ananitosha.

Unavuta pumzi. Unamwambia kwa adabu: mdogo wangu, kompyuta ziko vyumba vitatu tofauti, zinatakiwa zipeane mafaili na zote zichapishe kwenye printa moja. Kwa hiyo nataka kujua hayo matundu yana kasi gani. Kijana analigeuza dude. Anayatazama matundu kwa mara ya kwanza tangu mzigo ushushwe. Anayahesabu kwa kidole.

"Yapo matano."

Matano tumeyaona! Moja la kuingizia intaneti, manne ya kutolea. Swali ni kasi: megabiti 100 au 1000?

"Waya wowote unaingia, bosi. Haichagui."

Sasa hapa ndipo watu wanapoumizwa, na wanaumizwa wakiwa wanatabasamu. Tundu la megabiti 100 kwa sekunde, ukigawa kwa nane upate megabaiti na ukatoa kinachopotea njiani, linakupa kama megabaiti 11 kwa sekunde. Video ya harusi ya gigabaiti 40, kutoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani, itachukua saa nzima. Bibi harusi atakuwa bado anaingia ukumbini wewe umeshalala. Tundu la gigabiti linakupa karibu megabaiti 110, yaani kazi ileile dakika sita au saba, diski zako zikiwa na pumzi ya kutosha. Na hapo intaneti haijahusika hata kidogo. Bando likiisha, kompyuta zako zinaendelea kupeana mafaili bila kumwomba mtu.

Unamwonesha kijana boksi: soma hapa, mdogo wangu, imeandikwa 10/100. Ingekuwa ya gigabiti ingeandikwa 10/100/1000, au lingekuwepo neno Gigabit kabisa. Analisogeza boksi karibu na macho. Anatafuta namba kubwa zaidi ya kukujibia, na anaipata.

"Lakini hii ni AC1200, bosi. Elfu moja na mia mbili!"

Elfu moja na mia mbili hiyo ni hesabu ya mchango wa harusi: wamejumlisha ahadi. Megabiti 300 za bendi (njia ya mawimbi) ya gigahezi 2.4, jumlisha 867 za bendi ya gigahezi 5, unapata 1167, wakazipandisha zikawa 1200. Laptopu yako kwa kawaida inashika bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla ile haitaiona milele. Hata hizo 867 ni kasi ya kwenye karatasi. Ukikaa chumba kimoja na ruta, ukipata nusu yake shukuru. Laptopu mbili zote zikiwa hewani na zinatumiana faili, gawa tena kwa mbili, kwa sababu kila kipande cha faili kinapanda hewani kwenda kwenye ruta, kisha kinapanda hewani tena kwenda kwa mwenzake.

Na AC1200 zenyewe si moja. Archer C50 ya TP-Link ni AC1200, matundu yake ni ya megabiti 100. Archer C6 ya kampuni hiyohiyo nayo ni AC1200, matundu ni ya gigabiti. Ukimwambia kijana "nipe AC1200" atakupa iliyo karibu na mkono wake.

"Na kwa sababu ni AC," anaongeza, sasa ameshaona unalainika, "haipati joto."

Mungu wangu. AC hiyo ni kizazi cha waifai, si kiyoyozi!

Nilitaka kuongea kwa utulivu. Nimeshindwa. Antena nane! Antena nane hazimpi kasi mara nne mtu ambaye simu yake ina moja au mbili. Waifai ni mazungumzo, si tangazo la msikitini. Ruta ikipaza sauti mpaka kwa jirani wa tatu, simu yenye betri ndogo itaijibu vipi kutoka huko? Ndiyo maana unaona vistari vyote vimejaa na ukurasa haufunguki. Simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Tena nguvu ya kurusha ina kikomo chake kisheria, kwa hiyo kuongeza vijiti si kuongeza ukali. Cha kuuliza ni kama ruta ni 2x2 au 4x4, yaani inatuma na kupokea kwa antena mbili au nne kwa wakati mmoja, na kama vifaa vyako vinaweza kufaidi hiyo 4x4, maana laptopu nyingi ni 2x2. Vijiti vingine vingi vipo kwa ajili ya kaunta ya kioo.

Na kama ni vijiti, basi vielekezwe. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si kwenye ncha. Yanaizunguka kama tairi la gari lililolazwa chini na antena ikapita katikati. Ukiinyoosha antena ncha ikamtazama mtu, umempa tundu la tairi. Nyumba ya chini, simamisha zote wima. Nyumba ya ghorofa, laza moja. Kijana kazisimamisha nane zote kwa sababu zinapendeza.

Basi unamwambia hapana. Anabadilisha gia. Analeta nyingine, nyeupe, bei nusu. Unaigeuza: tundu la kuingizia ni lile dogo, la waya wa simu ya mezani. Hiyo ni ya intaneti ya laini ya simu. Kisanduku cha faiba, kile kinachofungwa nyumbani na kampuni ya intaneti, kinatoa waya wenye kichwa kipana, cha nyaya nane. Hautaingia hapo hata ukiupaka mafuta. "Fundi atakufanyia," anasema kijana. Atafanya nini, atabana kichwa?

Mwisho anakuja na ofa: chukua ya antena nane, ongeza hela kidogo, nakuwekea na kile cha kuchomeka ukutani cha kuongeza nguvu. Kile cha redio moja kinasikia na kurudia maneno kwa redio hiyohiyo, kwa hiyo kasi inakatika nusu. Na watu wanakichomeka kwenye chumba kisicho na mtandao, ili kirudie nini sasa? Kinakaa katikati ya njia, pale ambapo mtandao bado ni mzuri. Lakini adui mwenyewe ni ukuta. Nyumba zetu ni za tofali la saruji, nguzo zina nondo, korido kuna friji, chumbani kuna kabati la kioo, na nje ya dirisha simtanki limejaa maji. Gigahezi 5 inavuka ukuta wa kwanza, wa pili inatoka imechoka. Gigahezi 2.4 inavuka zaidi, ila huko imejaa majirani wote, na oveni ya maikrowevu ikiwashwa nayo inaingia humohumo. Ingia kwenye mipangilio, chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo ndizo zisizoingiliana. Ukiweka 3 unagombana na pande mbili kwa pamoja.

Kwa kompyuta isiyohama, pitisha waya. Waya wa daraja la Cat5e unatosha gigabiti mpaka mita 100, na nyumba yako haina mita 100, tusidanganyane. Kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukitoa weupe ni alumini iliyopakwa shaba, hiyo unaikunja kona mara mbili inakatika ndani na hakuna atakayejua wapi. Kisha msimamie fundi anapobana kichwa. Nyaya zote nane: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili vilevile. Wapo wanaobana nne tu kwa sababu "inafanya kazi". Inafanya, kwa megabiti 100, na ruta yako ya gigabiti inakaa pale kwa heshima tu.

Fundi wa faiba yeye ruta anaiweka palipoishia waya wake, nyuma ya runinga, sakafuni. Mama mwenye nyumba anaifunika kitambaa cha kufuma. Na kama umepanga, mwenye nyumba hataki kusikia neno drili.

Sasa kuna hili la kisanduku cha faiba, nalo linawatoa watu machozi. Kile kisanduku chenyewe mara nyingi ni ruta tayari, kina waifai yake. Wewe umenunua yako, umeichomeka kwenye tundu la intaneti, umemaliza. Hapo umejenga mitaa miwili. Laptopu iliyoshika waifai ya kisanduku inapata anwani ya 192.168.100, kompyuta ya mezani iliyo kwenye ruta mpya inapata ya 192.168.0, zote zina intaneti, na ukitafuta moja kupitia nyingine hakuna. Watu wanapiga chini kompyuta nzima, wanaweka Windows upya! Dawa ni kuchagua bosi mmoja. Ama zima waifai ya kisanduku, kila kitu kishike ruta mpya. Ama igeuze ruta mpya iwe ya kusambaza tu. Kama haina kitufe cha hilo, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), ipe anwani iliyo mtaa mmoja na kisanduku, kwa mfano 192.168.100.2 kama kisanduku ni 192.168.100.1, na waya unaotoka kwenye kisanduku uchomeke kwenye moja ya matundu manne, si lile la intaneti. Windows ikikuuliza mtandao ni wa umma au binafsi, jibu binafsi, la sivyo kompyuta itajificha hata kwa ndugu zake.

Na ruta iliyoandikwa 3000 haiongezi kasi ya intaneti uliyolipia. Mbps 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde leo, kesho na siku ya Iddi.

Umeme? Tusianze. Chukua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Ile iliyoandikwa mAh 8800 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri zake, yaani wati-saa 32 na ushee; ukitoa kinachopotea njiani, ruta ya wati 6 peke yake itakesha saa nne hivi, siyo siku nzima kama unavyoambiwa. Na kisanduku cha faiba nacho kichomekwe humohumo, maana ruta inayowaka bila kisanduku ni taa ya urembo. Soma volti kwanza: zipo ruta za volti 9, zipo za 12, na kichwa cha waya kinaingia kote bila kinyongo. Hapo kijana alisema kweli, haichagui.

Sasa jirani. Anakuja na kikombe mkononi, anaomba neno la siri "kwa dakika mbili tu". Usimpe lile la nyumbani. Fungua mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao. Atapata intaneti na hataziona kompyuta zako. Weka ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha bila kuandika neno la siri), badilisha na lile neno la siri la kuingilia kwenye ruta yenyewe, lisibaki admin. Vizuri. Amani. Kisha anarudi: barua ya kazi, ichapishwe sasa hivi, na kutoka mtandao wa wageni printa haionekani. Ndivyo ilivyotakiwa, lakini mweleze wewe, amesimama mlangoni.

Unamchapishia mwenyewe. Printa nayo imegoma kuingia hewani, kwa sababu printa nyingi zinajua gigahezi 2.4 tu, na ruta imeziunganisha bendi mbili kwa jina moja. Unaingia tena kwenye mipangilio, unatenganisha majina, unaiweka printa kwenye 2.4, inashika. Karatasi inavutwa, inasimama katikati. Wino wa njano umeisha. Barua nyeusi tupu, ukurasa mmoja, hata mhuri hauna rangi, na printa inadai njano! Njano ya nini? Ya nini?