Mlevi wa lokapu aamshwe kila nusu saa

Wadau habari zenu, mi mzaliwa wa Ngamiani hapo Tanga ila sasa hivi naishi Uingereza, kazi yangu ukalimani, polisi wakimkamata Mswahili asiyejua Kiingereza ndo wananiita, kwahiyo mahabusu za huku nazifahamu. Watu kila siku wanalinganisha Ulaya na nyumbani kwa barabara na mishahara, mi naomba leo tulinganishe lokapu.

Huku kabla hujaingizwa selo sajenti anakuuliza una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, umeumia popote, inaandikwa. Na ukiwa umelewa, kanuni zao zilizo chini ya sheria ya polisi na ushahidi wa jinai ya 1984 zinataka uamshwe angalau kila nusu saa, siyo askari achungulie kidirishani akisikia unakoroma aondoke, hapana, anakuamsha kabisa anakuuliza jina lako nani, unakaa wapi, hapa ni wapi, fungua macho, inua mkono huu, haya na ule. Ukishindwa anaitwa nesi au ambulensi. Kwasababu mtu ananuka pombe kweli lakini pia inawezekana sukari imeshuka, au kifafa, au kiharusi, au damu inavujia ndani ya kichwa, na ukimuangalia kwa mbali utasema mlevi tu.

Sisemi huku peponi. Mwaka 1998 Christopher Alder, mtu mweusi, mwanajeshi wa zamani, alifia kituo cha polisi mjini Hull kalala kifudifudi sakafuni na pingu mikononi, askari wamesimama palepale wakidhani anaigiza, kamera inarekodi. Inauma sana.

Sasa kwetu mtu kapigwa rungu la kichwa kwenye ugomvi kilabu cha mnazi, anatupwa ndani eti alale pombe ziishe, alfajiri mahabusu wenzie ndo wanagundua kapoa, halafu mama yake anaambiwa alikuwa kalewa. Kumuamsha mtu kunahitaji bajeti gani jamani? Daftari, saa ya ukutani, na kipimo cha sukari kile cha kutoboa kidole ambacho famasi kipo. PF3 yenyewe, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, iko hapohapo kaunta, hospitali ya Bombo ipo mjini, hata bajaji inafika. Na ndugu akileta insulini au dawa za kifafa zipokelewe, ziandikwe, apewe kwa muda wake.

Wenye ndugu na marafiki askari wa Tanga wapelekeeni hayo maswali ya kumuamsha mlevi, yanaenea karatasi moja, yabandikwe karibu na mlango wa selo wa zamu wayaone.