Jicho kali zaidi, au kumbukumbu isiyokatika?

Fedha za kupiga picha za dunia kutoka angani hazijawahi kutosheleza haja zote, na kila zinapogawanywa mabishano hurudi palepale: zinunue jicho kali zaidi, au zilinde mfululizo wa vipimo uliopo? Wanaodai ukali wana hoja nzito. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ya Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani, hufunika mita 30 kwa mita 30, na ndani yake shamba dogo, nyumba mbili na njia ya miguu huchanganyika kuwa rangi moja. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, imeshuka hadi mita 10, setilaiti za kibiashara hufikia takriban sentimita 30, na droni inayoruka chini huweza kuonyesha jani mojamoja. Anayehesabu nyumba zilizosombwa na mafuriko hawezi kuambiwa aridhike na mita 30.

Lakini ukali haurudishi wakati. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na thamani kubwa ya mradi huo leo ni kwamba mtu anaweza kulinganisha zaidi ya miongo mitano ya picha za mahali palepale. Kifaa kipya kikichelewa miaka mitatu, bado kitakuja. Msimu wa mvua ambao haukupimwa hauji tena. Na mfululizo huu ni dhaifu kuliko unavyodhaniwa. Mwaka 2003 kifaa cha kunyoosha mistari ya picha katika Landsat 7 kiliharibika, na tangu hapo karibu asilimia 22 ya kila picha ikawa mapengo. Desemba 2021 hitilafu ya umeme ilinyamazisha rada ya Sentinel-1B, setilaiti nyingine ya Ulaya, na mrithi wake hakurushwa hadi Desemba 2024. Katika maeneo ya tropiki, ambako mawingu huweza kuziba kamera kwa majuma na rada ikayapenya, miaka hiyo mitatu ilikuwa hasara ya kweli.

Hata hivyo nisingependa mwendelezo uwe kisingizio cha kukataa kila kipya. Setilaiti ya Biomass, iliyorushwa Aprili 2025 ili kukadiria uzito wa miti ya misitu, hutumia mawimbi ya rada yenye urefu wa sentimita 70 hivi, yanayopita kwenye majani na kurudi kutoka kwenye mashina na matawi makubwa. Hiyo ni aina nyingine ya kipimo, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili fedha za uvumbuzi kabla ya kupunguza pikseli kwa sentimita chache.

Jambo linalonisumbua zaidi haliko angani. Rada haipimi tani za mbao. Hupima mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa tani kwa sababu kuna watu walioingia msituni na utepe, wakapima unene wa mti mmoja baada ya mwingine, kisha wakarudi miaka kadhaa baadaye kupima miti ileile. Kazi hii aghalabu hufadhiliwa mwisho, kwa mikataba mifupi, ilhali bila hiyo ramani inayofaa msitu mmoja huhamishiwa msitu mwingine na hakuna wa kusema imekosea kiasi gani. Hapa ndipo ningeiweka droni: daraja kati ya kiwanja kilichopimwa kwa mkono na pikseli ya setilaiti, kwa kuwa huona vyote viwili kwa wakati mmoja.

Picha za Landsat zilipofanywa za bure mwaka 2008, matumizi yaliongezeka kutoka maelfu ya picha kwa mwaka hadi mamilioni, na wengi wanataka vipimo vya ardhini vifunguliwe vivyo hivyo. Naelewa hamu hiyo, ila setilaiti ililipiwa na walipa kodi kabla ya kurushwa, na wapimaji wengi wa misitu hawajahakikishiwa hata mshahara wa awamu ijayo. Mradi unaotaka data zao ziwe wazi uweke malipo ya upimaji wa marudio katika bajeti ya setilaiti yenyewe, kwa miaka yote itakayokuwa angani.